Tofauti ya Saa Inapozuia Kompyuta Kusajiliwa kwenye Kerberos

Unasajili kompyuta kwenye Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho kwa tiketi. Jina la mtumiaji ni sahihi, nenosiri ni sahihi, DNS (huduma ya majina ya mtandao) inajibu, lakini usajili unakatika njiani kwa ujumbe wa "Clock skew too great". Kwenye FreeIPA, mfumo wa Linux wa kusimamia watumiaji na kompyuta kwa kutumia Kerberos, huwa unatokea `ipa-client-install` ikishapokea nenosiri la msimamizi. Ukitumia `realm join` au `adcli` kuingia Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kazi hiyo hiyo, utaukuta mwishoni mwa mstari unaoanza na "Couldn't authenticate as". Kwa wanaosoma logi au pakiti za mtandao, ni `KRB_AP_ERR_SKEW`, kosa namba 37, ambalo mara nyingi huandikwa 0x25. Yote ni jambo moja: saa ya kompyuta hii na saa ya KDC, seva inayotoa tiketi, zimeachana kuliko inavyovumilika. Kama hakuna aliyebadilisha mipangilio, kinachovumilika ni dakika 5 mbele au nyuma, iwe ni MIT Kerberos (inayotumiwa na FreeIPA) au Active Directory.

Wengi hukimbilia `date -s`. Saa inakaa sawa, usajili unapita, na baada ya muda kompyuta ile ile inagoma tena. Kwa kuirekebisha saa kabla ya kuipima, wamefuta ushahidi wenyewe, maana ukubwa wa tofauti ndio unaosema chanzo kiko wapi. Tofauti ya saa mbili kamili haina chanzo kimoja na tofauti ya dakika 7 na sekunde 40. Kwa hiyo pima, andika namba mahali, ndipo uguse kitu.

Ukali huu wa Kerberos una sababu yake. Mteja anapoonyesha tiketi, huambatisha muhuri wa wakati uliofichwa kwa ufunguo ambao yeye na seva pekee wanao. Aliyenasa pakiti hiyo hawezi kuifungua, ila angeweza kuirudia kama ilivyo na kujifanya ndiye mteja. Seva inajikinga kwa kukumbuka mihuri yote iliyoiona ndani ya dakika hizo na kukataa inayorudiwa. Iliyo nje ya dakika hizo inaikataa moja kwa moja bila kuhitaji kuikumbuka.

## Kupima bila kugusa saa

Simu yako haitoshi kuwa kipimo. Inakuonyesha saa za eneo, wakati Kerberos inahesabu kwa UTC (saa ya dunia nzima, isiyotegemea eneo), na unachotaka kulinganisha ni kompyuta hii na KDC, hata kama KDC yenyewe imepotoka. Anza na `date -u` kwenye kompyuta unayosajili. Kisha uliza saa ya KDC. Kama ni seva ya FreeIPA, njia rahisi inayopita karibu kila fayawoli ni hii:

`curl -sI http://ipa1.mfano.test/ | grep -i ^date`

Seva ya wavuti iliyomo ndani ya FreeIPA itakurudishia tarehe na saa ya mashine ile kwa GMT, ambayo hapa ni sawa na UTC. Usahihi wake ni wa sekunde, na kwa mpaka wa dakika 5 hiyo inatosha na kubaki.

Ukitaka namba kamili kutoka kwenye seva ya saa, tumia chrony, programu ya Linux ya kusawazisha saa kwa NTP (itifaki ya saa mtandaoni): `chronyd -Q -t 10 'server ntp1.mfano.test iburst'`. Itakuambia "System clock wrong by" na idadi ya sekunde, bila kubadilisha chochote. Ikilalamika kwamba chronyd nyingine tayari inafanya kazi, simamisha huduma hiyo kwa muda. Kwenye Windows, `w32tm /stripchart /computer:dc1.mfano.test /samples:5` inafanya kazi hiyo hiyo.

## Namba inasema nini

Saa kamili, au saa na nusu. Tofauti ikiwa 7200 au 10800 na vijisekunde vichache, achana na mtandao kabisa. Hapa kuna mtu aliyechanganya saa za eneo. Sura ya kawaida ni hii: kompyuta imesakinishwa ikiwa na saa za eneo la UTC, mtu akaona saa ya kwenye skrini haifanani na ya ukutani, akaisogeza kwa mkono. Sasa skrini inasema kweli na UTC iliyo chini yake ni ya uongo. Ndiyo maana wengine wanaapa kwamba "saa iko sawa" huku Kerberos ikikataa. Wote wawili wanasema ukweli kuhusu vitu viwili tofauti. Rekebisha saa za eneo kwanza kwa `timedatectl set-timezone`, kisha ndipo usawazishe saa.

Sura ya pili ni kompyuta yenye mifumo miwili, Windows na Linux. Windows huandika saa za eneo kwenye saa ya ubao mama, Linux hutarajia UTC mahali pale pale, na kila ukiwasha mfumo mmoja unaupotosha mwingine. Tazama mstari wa "RTC in local TZ" katika `timedatectl`. Nashauri uiache Linux kwenye UTC (`timedatectl set-local-rtc 0`) na kuifundisha Windows kwa kuweka `RealTimeIsUniversal` kuwa 1 kwenye rejista, chini ya `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation`. Kufanya kinyume chake kunawezekana, ila utajutia mara ya kwanza saa za kiangazi zitakapobadilika, kwa nchi zenye mtindo huo.

Miaka. Kompyuta ikirudi kwenye tarehe ya zamani kila inapochomolewa umeme, betri ya ubao mama imekufa. Mara nyingi ni CR2032. Ibadilishe. Kompyuta ndogo za bodi moja ambazo hazina kabisa saa yenye betri huonyesha dalili hiyo hiyo, na kwao dawa ni kuhakikisha huduma ya saa inamaliza kazi kabla ya huduma yoyote inayotegemea Kerberos kuanza. Kwa chrony kuna `chrony-wait.service`, iwezeshe.

Tofauti ya miaka ina hila moja: huenda usione kabisa neno "skew". Usajili hushindwa mapema zaidi, kwenye TLS (usimbaji wa mawasiliano), kwa ujumbe kwamba cheti bado hakijaanza kutumika au kimekwisha muda. Watu hupoteza nusu siku wakichunguza vyeti ambavyo havina kasoro. Ukikutana na lalamiko la cheti wakati wa kusajili kompyuta mpya, endesha `date -u` kabla ya kufungua faili lolote la cheti.

Dakika kadhaa zisizo na mpangilio. Hapa saa imekuwa ikiteleza polepole bila kusawazishwa na yeyote, au mashine ililala ikaamka. Mengi ya sehemu zinazofuata yanahusu hali hii.

Chini ya dakika 5. Saa si tatizo lako. Hata ikiwa imepishana sekunde 40, Kerberos itapokea. Rudi kwenye DNS, majina ya seva, na nenosiri. Kama mnatumia tokeni za namba za muda, zile zinazobadilika kila sekunde 30, na zinakataliwa kwa kila mtu, shuku saa ya seva na ya vifaa vinavyozalisha namba. Kompyuta inayosajiliwa haihusiki katika hesabu hiyo.

## "Assuming the time is in sync"

Kisakinishi cha FreeIPA kina tabia moja inayopoteza watu. Kinajaribu kusawazisha saa, kinashindwa, kinaandika "Unable to sync time with chrony server, assuming the time is in sync. Please check that 123 UDP port is opened", halafu kinaendelea na safari kama vile hakuna lililotokea. Onyo linapita juu ya skrini, kosa lenyewe linakuja hatua kadhaa baadaye, na mtu anasoma mstari wa mwisho tu. Fungua `/var/log/ipaclient-install.log` utafute neno chrony kuanzia juu.

Onyo lenyewe linaelekeza kidole kwenye poti 123 ya UDP, na kweli mara nyingi fayawoli ndiyo yenye lawama. Lakini si mara zote. Jiulize kwanza kisakinishi kilikuwa kinaongea na seva ipi. Usipokipa jina kwa `--ntp-server` au `--ntp-pool`, kinatafuta rekodi za SRV (zinazotaja seva ya huduma fulani) za `_ntp._udp` kwenye DNS. Zisipokuwepo, kinabaki na orodha iliyokuja na mfumo, ambayo kwa kawaida inaelekeza kwenye seva za nje kwenye intaneti. Ndani ya mtandao uliofungwa, ombi hilo halifiki popote. Thibitisha kwa `dig +short SRV _ntp._udp.mfano.test`, jibu likiwa tupu, ama ongeza rekodi ama taja seva kwa jina.

Kisha kuna dhana kwamba seva ya FreeIPA lazima iwe pia seva ya saa. Tangu toleo la 4.7, FreeIPA inatumia chrony badala ya ntpd ya zamani, na chrony haimjibu mteja yeyote mpaka faili lake la mipangilio liwe na `allow` pamoja na anwani za mtandao unaoruhusiwa. Ukiielekeza kompyuta kwenye seva ambayo haijaruhusu, utaona kimya kile kile unachokiona fayawoli inapozuia. Active Directory ni tofauti: vidhibiti vya domeni, yaani seva zake kuu, vinatoa saa bila kuhitaji mpangilio huo.

Baada ya kurekebisha, soma `chronyc sources`. Alama mbili za mwanzo wa kila mstari ndizo muhimu. `^*` ni seva iliyochaguliwa. `^?` ni seva isiyofikika au ambayo bado haijatoa majibu ya kutosha. `^x` ni seva ambayo chrony inaiona ni mwongo kwa kuilinganisha na wenzake. Safu ya Reach imeandikwa kwa hesabu ya oktali: 377 maana yake majaribio manane ya mwisho yote yamejibiwa, na 0 maana yake hakuna hata moja. Reach ikiwa 377 na bado mstari una `^?`, pakiti zinafika, ila huenda seva ile yenyewe haijasawazishwa na inatangaza hivyo, au saa yake ina mashaka makubwa mno. Fayawoli haina hatia hapo.

## Seva inaonekana, tofauti inajulikana, na saa haisogei

Hili linawashangaza wengi. `chronyc sources` ni safi, `chronyc tracking` inakiri kwamba saa iko nyuma kwa saa nzima, na kompyuta imetulia tu. Mipangilio inayokuja na mifumo mingi ina `makestep 1.0 3`: chrony inaruhusiwa kuirusha saa kwa mkupuo katika masahihisho matatu ya mwanzo tu, na pale tu tofauti inapozidi sekunde 1. Baada ya hapo inaivuta taratibu, kwa kasi isiyozidi sekunde 1 kwa kila sekunde 12. Kwa tofauti ya saa nzima, hiyo ni kazi ya saa 12 au zaidi. Kwa kompyuta ambayo haijaanza kutumika, hakuna sababu ya kusubiri: `chronyc makestep`, imekwisha. Kwenye seva yenye hifadhidata inayofanya kazi, fikiri kabla ya kuirusha saa, hasa kurudi nyuma.

Ukikuta bado ntpd ya zamani, mpaka wake ni sekunde 1000. Tofauti ikizidi hapo inajizima yenyewe, isipokuwa imeanzishwa na `-g`.

Hakikisha pia hakuna huduma mbili zinazogombania saa moja. `systemd-timesyncd`, ntpd na chronyd hazipaswi kukaa pamoja. Pitia `systemctl list-units` utafute majina hayo, acha moja.

## Mashine pepe na kontena

Mashine pepe iliyolazwa na kuamshwa, au iliyorudishwa kwenye hali iliyohifadhiwa jana, inaweza kuamka ikidhani bado ni jana. Tofauti inakuwa sawasawa na muda iliolala, kwa hiyo ukikuta namba inayolingana na muda huo, umeshapata chanzo. Hapa ule mpaka wa masahihisho matatu unaumiza, kwa sababu chronyd haikuanza upya. Imeendelea tu kutoka ilipoachia. Kwa mashine za aina hii mimi huweka `makestep 1.0 -1`, inayoruhusu mkupuo wakati wowote, na sijali wanaosema si safi.

Kosa jingine ni kuwa na walimu wawili: programu za mashine mwenyeji zinaisukuma saa ya mashine pepe upande mmoja, NTP inaivuta upande mwingine. Chagua mmoja. Kwa kidhibiti cha domeni kilichomo ndani ya mashine pepe hili ni zito zaidi, kwani kikipotoka kinapotosha wote walio chini yake. Ukiona `w32tm /query /source` inajibu "VM IC Time Synchronization Provider" kwenye kidhibiti cha domeni, zima usawazishaji huo kwenye mipangilio ya Hyper-V.

Kontena halina saa yake. Linatumia ya mwenyeji, na kujaribu kuendesha chronyd ndani yake ni kutafuta makosa ya ruhusa bure. Sahihisha mwenyeji, kisha sajili kwa `--no-ntp`.

## kinit inafanya kazi, lakini hakuna anayeweza kuingia

Dalili hii ndiyo yenye ujanja kuliko zote. Kompyuta imesajiliwa bila kelele. Ukiwa juu yake, `kinit` inakupa tiketi na unaingia kwenye seva nyingine vizuri. Lakini mtu akijaribu kuja kwenye kompyuta hiyo kwa SSH akitumia tiketi yake, anakataliwa, au anaombwa nenosiri ambalo hakutarajia.

Maelezo yako kwenye mpangilio wa `kdc_timesync` ndani ya `krb5.conf`, faili la mipangilio ya Kerberos; kwa MIT Kerberos mpangilio huo huwa 1 hata kama haujaandikwa. Maktaba inapopokea tiketi inaangalia saa ya KDC, inakokotoa tofauti, inaihifadhi pamoja na tiketi, na kuanzia hapo inajisahihisha yenyewe kila inapojitambulisha kwa wengine. Saa ya mfumo haiguswi. Kwa hiyo kompyuta yenye saa mbovu inaweza kuishi maisha marefu kama mteja. Ila inapokuwa yenyewe ndiyo seva inayopokea tiketi ya mtu mwingine, hakuna wa kuisahihisha. Inapima muhuri wa mgeni kwa saa yake mbovu na kumfukuza mtu asiye na kosa. Ndiyo maana kupata tiketi kwa `kinit` si ushahidi kwamba saa iko sawa. `KRB5_TRACE=/dev/stdout kinit admin` itakuonyesha mazungumzo yote, lakini kwa swali la saa rudi kwenye `chronyc tracking`.

Tofauti ile iliyohifadhiwa pamoja na tiketi ina madhara mengine pia. Ukishasahihisha saa ya mfumo, tiketi za zamani bado zimebeba sahihisho la zamani, na maktaba itaendelea kulitumia. Sasa saa ni sahihi na Kerberos inakosea. Na kama saa ilikuwa mbele ukairudisha nyuma, unaweza kuona "Ticket not yet valid". Endesha `kdestroy -A` kila unaposogeza saa kwa zaidi ya sekunde chache, kisha uombe tiketi upya.

## Mara inapita, mara inagoma

Kompyuta ile ile, amri ile ile, matokeo tofauti. Hesabu KDC zako. Mteja huzipata kupitia DNS na anaweza kuangukia yoyote. Moja ikiwa imepotoka, utapata bahati nasibu. Rudia ile amri ya `curl` kwa kila seva, moja baada ya nyingine ndani ya dakika moja, na mhalifu atajitokeza.

Kama kompyuta zote zinagoma kwa pamoja, hasa zile zilizokuwa zikifanya kazi asubuhi, acha kuhangaika na wateja. Nenda kwenye seva. Katika Active Directory, saa ya domeni nzima inashuka kutoka kwa kidhibiti chenye jukumu la PDC emulator. `Netdom query fsmo` itakutajia jina lake. Kikijibu "Local CMOS Clock" kwa `w32tm /query /source`, domeni yote inategemea saa ya ubao mama mmoja. Kipe seva za saa za kuaminika kwa `w32tm /config /manualpeerlist:"ntp1.mfano.test ntp2.mfano.test" /syncfromflags:manual /reliable:yes /update`, na wengine wote waachwe kwenye `/syncfromflags:domhier`.

## Kupanua mpaka badala ya kurekebisha saa

Kuna `clockskew` kwenye `krb5.conf`, na sera inayofanana nayo kwenye Active Directory, na lazima atatokea mtu wa kupendekeza iwekwe saa 1. Kufanya hivyo kwenye mteja peke yake hakusaidii, kwani KDC inapima kwa mpaka wake. Kufanya hivyo kwenye seva kunafungua dirisha pana zaidi kwa anayerudia pakiti alizonasa, na logi za mashine mbalimbali zinabaki haziwezi kulinganishwa. Sijaona mtandao ambao kazi hiyo ilikuwa rahisi kuliko kuweka seva mbili za saa.

## Kusafisha kabla ya kujaribu tena

Usajili uliokatika katikati huacha mabaki, na jaribio la pili linaweza kugoma kwa sababu isiyohusiana na saa. Kwenye kompyuta, endesha `ipa-client-install --uninstall`, kisha uangalie kama `/etc/krb5.keytab` imebaki na funguo za zamani. Amri ya `klist -k` itakuonyesha. Kwenye seva, jina la mashine linaweza kuwa limeshaandikwa kuwa tayari imejiunga, na utaambiwa "Host is already joined". Tumia `ipa host-disable` kwa jina hilo, au sajili kwa `--force-join` ukiwa na akaunti yenye ruhusa. Kama ulikuwa unatumia nenosiri la mara moja lililozalishwa kwa `--random`, nalo limeshatumika pale hatua ya kujiunga ilipopita, hata kama hatua iliyofuata ilianguka kwa sababu ya saa. Ukishaiweka mashine katika hali ya `host-disable`, zalisha jingine kwa `ipa host-mod --random`, na safari hii taja `--ntp-server` waziwazi kwenye amri ya kusajili ili kisakinishi kisibaki kukisia.